Siku sita na ami: mizinga, mbung'o na konokono

Skuli ninayofundisha fizikia ina klabu ya sayansi yenye watoto thelathini na wawili. Mwenzangu wa historia naye ana watoto wake, na kila muhula tunagombania basi. Safari hii tumepatana: ziara moja ya vita na sayansi, Unguja na Pemba. Kwenda mbele kutazama njia, nauli na pa kula ikawa kazi yangu. Nikamchukua ami, mdogo wake baba, bwana mifugo mstaafu, miaka sabini na tatu. Anazijua njia zote za shamba kisiwani hapa, na kukaa nyumbani kunamtia homa. Haya niliyaandika kila usiku kabla ya kulala.

Siku ya kwanza: Forodhani

Tulifika saa mbili u nusu asubuhi kwa makusudi. Vita vya 1896 vilianza saa tatu na dakika mbili, nami nilitaka kuona jua saa hiyo linapiga wapi, nijue watoto nitawasimamisha kivuli gani. Kivuli hakitoshi. Waje na kofia.

Somo nilikuwa nimelitayarisha. Agosti 25, 1896, Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasri na kujitangaza mtawala bila kungoja ridhaa ya Waingereza, ambao wakati huo walikwisha kuifanya Unguja iwe chini ya himaya yao. Watu wapatao 2,800 wakajikusanya kasrini, wengi wao si askari bali raia, watumishi na watumwa waliopewa bunduki. Silaha zao zilikuwa kama duka la vikorokoro: bombomu kadhaa za Maxim, Gatling moja, mizinga miwili ambayo Kaiser Wilhelm II aliitoa zawadi, na mzinga wa shaba wa karne ya 17. Ile Maxim ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu duniani; Hiram Maxim aliibuni 1884, akiutumia mshindo wa kurudi nyuma wa risasi moja kupakia inayofuata. Ni kanuni ya tatu ya Newton, ninayoifundisha kidato cha kwanza kwa puto.

Upande wa bahari, admirali Harry Rawson alikuwa na manowari tano: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. (Manowari, neno lenyewe tumelitwaa midomoni mwa mabaharia wa Kiingereza, na sasa ni letu kama boriti.) Lakini silaha iliyonivutia mimi haikuwa na mtutu. Tangu 1879 Unguja ilikuwa imeungwa na Aden kwa waya wa simu uliolazwa chini ya bahari. Zamani balozi akitaka ruhusa ya kupiga vita huandika barua, ikapanda meli, na jibu likifika mfalme anayegombaniwa labda keshakufa kwa uzee. Basil Cave, aliyekaimu ubalozi, aliuliza London kwa simu na akajibiwa mambo yakiwa bado ya moto. Akatoa muda: bendera ishuke kabla ya saa tatu asubuhi ya Agosti 27.

Haikushuka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Ilipofika saa tatu na dakika arubaini bendera ya kasri ilikuwa imeangushwa na moto umekoma. Dakika thelathini na nane. Wengine huandika arubaini, wengine arubaini na tano, inategemea umeanza kuhesabu mzinga gani na umeacha wapi. Kila kitabu cha maajabu ya dunia kinayo: vita vifupi kuliko vyote.

Hapo ndipo nilipomtazama ami, nikitarajia atatabasamu kama wanavyotabasamu wageni. Alikuwa anakula mkate wa ufuta, amekunja uso.

"Hilo la ufupi litakuja mwisho," akasema. "Anza na wangapi."

Wapatao 500 upande wa kasri, waliouawa na waliojeruhiwa. Upande wa pili, baharia mmoja alijeruhiwa, akapona.

"Basi waambie hivyo. Halafu waulize wao ni vifupi au virefu."

Nikaandika. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia, na swali lililonikaa ni la kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo. Masafa ya mizinga ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni mbao. Nyumba za kale za hapa zimeezekwa kwa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba: mkoko haufiki mbali. Makombora yaliingia kwenye boriti, sakafu za mbao na ukuta wa mawe na chokaa, na moto ukamaliza kazi. Beit al-Hukm, mojawapo ya majumba ya kasri, haikusimama tena. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash 1883, ilikuwa na nguzo na mihimili ya chuma iliyoletwa kwa meli, kwa hiyo ikaweza kuwa na kumbi pana na baraza za juu ambazo mkoko usingezibeba. Ndiyo nyumba ya kwanza hapa kuwashwa taa za umeme, na ya kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Vita viliijeruhi ikabaki. Haikubaki salama mbele ya mvua na umri: Desemba 25, 2020, sehemu yake iliporomoka, na mnara wa saa nao ukaenda.

Kuna meli moja ningependa watoto waikumbuke. Kimbunga cha Aprili 1872 kilivunja meli za Sayyid Barghash na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa nchi ya karafuu. Barghash akaagiza Uskochi meli mpya kwa mfano wa manowari ya Kiingereza, akaiita Glasgow. Ikawa zaidi ni chombo cha fahari. Asubuhi ile ya 1896 Glasgow ikaifyatulia St George, tena kwa mizinga midogo isiyokwaruza hata rangi. Ikajibiwa, ikazama, mabaharia wake wakaokolewa na haohao waliowazamisha. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji mbele ya mji hadi 1912, ilipopasuliwa kwa baruti. Miaka kumi na sita watu wanakwenda sokoni na kurudi, wanaiona.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Kijerumani. Kwa kuwa Waingereza walikuwa wanamngoja mlangoni, Wajerumani walingoja maji yajae, mashua ikaja hadi ubalozini, akapanda bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata 1916, wakati wa vita vikuu vya kwanza, wakampeleka Saint Helena na Shelisheli. Alifia Mombasa 1927.

Chakula: urojo wa Forodhani jioni. Ami anasema wa siku hizi mwepesi.

Siku ya pili: Chapwani

Mwenye mashua alitaka bei ya watalii. Ami akamuuliza kwao wapi, akamtajia babu yake, bei ikashuka nusu. Hili haliwezi kuandikwa kwenye bajeti ya skuli.

Chapwani, ambacho Waingereza walikiita kisiwa cha makaburi, ni kidogo, kina paa wadogo na popo, na kwenye miti kuna makaburi ya mabaharia. Nilikwenda kwa ajili ya makundi mawili.

La kwanza ni la HMS London. Ilikuwa meli kuukuu ya mbao iliyokwisha kupiga vita Crimea, ikashiriki kuipiga Sevastopol kwa mizinga mwaka 1854, na uzeeni ikaletwa kutia nanga hapa kama ghala na makao ya mashua za kusaka majahazi ya watumwa. Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Bendera hiyo ilikuwa kinga: mashua za Kiingereza hazikuwa na haki ya kulipekua jahazi la Kifaransa, na wafanyabiashara wa watumwa walilijua hilo vizuri kuliko wanasheria. Jahazi lilikuwa limejaa watu.

Kundi la pili ni la Septemba 20, 1914, siku ya Jumapili. HMS Pegasus ilikuwa imefunga bandarini kurekebisha boila. Alfajiri ikaja manowari ya Kijerumani Königsberg, nahodha Max Looff, akapiga kutoka mbali. Makombora ya Pegasus yalidondoka majini kabla ya kufika. Ya Königsberg yalifika. Zaidi ya watu 30 walikufa na Pegasus ikazama hapohapo. Hii nitaifundisha ubaoni: mizinga miwili ya kipenyo kinachokaribiana, mmoja una masafa marefu kidogo, na "kidogo" hicho ndicho kila kitu.

Ami hakuwa na haja ya Pegasus. Yeye alitaka Rufiji. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa akisimulia alivyoambiwa na wachukuzi: Königsberg nayo iliharibika mitambo, ikajificha kwenye delta ya Rufiji kati ya mikoko, na vyuma vyake vikakokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikakokotwa kurudi. Kwa mabega. Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba 1914, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni kuifikia. Julai 11, 1915, meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni, na ndege iliyopaa kutoka Mafia ikazielekeza kombora limedondoka wapi. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake iliyobaki, wakaitia magurudumu, ikapigana bara miaka mingine.

"Na wachukuzi?" akauliza ami. "Wana kisiwa chao?"

Tukarudi kabla ya maji kutoka. Changuu tuliipita tu. Gereza lililojengwa pale likaishia kuwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na homa, na kobe wa Shelisheli wakawafuata. Watoto watataka kobe kuliko historia. Nimetenga saa moja.

Siku ya tatu: Tunguu na Jozani

Hii ndiyo siku niliyoidharau kwenye ratiba, na ndiyo iliyonifanya niipange upya.

Tulipanda daladala Darajani hadi Tunguu. Leo Tunguu ni vyuo vikuu, wanafunzi wenye mabegi na vibanda vya chipsi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga huku kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mpango wao wa kwanza wa kupeleka watu anga za juu, kimoja katika mnyororo ulioizunguka dunia: Kano, kisha Unguja, kisha meli katikati ya Bahari ya Hindi, kisha Australia. Chombo kinapita, kituo kinakipokea, kinazungumza nacho dakika chache, kinampa jirani.

Februari 20, 1962, mwanaanga John Glenn alirushwa kutoka Florida asubuhi yao. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na moja na dakika arubaini na saba jioni. Nusu saa baadaye alikuwa juu yetu. Nilimwuliza ami alikuwa wapi.

"Chuoni, nasoma. Maghrib inakaribia. Watu walisema kuna Mzungu anapita juu, mwalimu akatuambia tusitazame juu, tutazame msahafu. Tukatazama juu."

"Mliona?"

"Tuliona popo."

Glenn aliliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi dakika chache baadaye, machweo yake ya kwanza kati ya matatu akiwa angani. Alizunguka dunia mara tatu kwa saa tano kasoro. Na hapa ndipo mwenzangu wa historia atakapoingia: Glenn alikuwa rubani wa vita, misheni 59 katika vita vya pili vya dunia na 90 Korea, na roketi ya Atlas iliyomrusha ilibuniwa kubeba bomu la nyuklia bara hadi bara. Walilitoa bomu, wakamtia mtu. Hesabu za njia yake zilifanywa na kompyuta, lakini kabla ya kuondoka aliomba mwanahisabati Katherine Johnson azirudie kwa mkono. Wenyeji hapa nao walikuwa na hesabu yao. Wengi hawakuamini kwamba kituo kile ni cha anga tu, na wanasiasa walikipigia kelele majukwaani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kilifungwa, na kazi yake ikahamia Madagaska.

Nilitafuta chochote kilichobaki cha kuwaonyesha watoto, sikukipata. Tukanywa maji ya dafu, tukapanda gari nyingine hadi Jozani.

Jozani nilidhani ni kima punju. Nao tuliwaona, wekundu, wamekaa hawana haraka, mmoja anakula majani kama anakagua. Kitaalamu wamepewa jina la John Kirk, na Kirk mwenyewe ni mtu wa ziara hii kabisa: daktari kijana katika hospitali ya vita vya Crimea, kisha mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone wa Zambezi, kisha balozi hapa aliyemshinikiza Barghash kutia saini mkataba wa Juni 5, 1873 uliofunga soko la watumwa. Wakati huohuo alikuwa anakusanya majani na ngozi za wanyama kupeleka kwao.

Lakini ami alikuwa hatazami kima. Alisimama kwenye njia, akaonyesha mti usio na lolote.

"Hapa palikuwa na kibao changu."

Nilijua alifanya kazi ya mbung'o. Sijawahi kumwuliza ilikuwaje. Tulikaa kwenye mzizi, akasema kwa saa nzima.

Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, mdogo, akaaye kwenye vichaka. Hakuwatia watu malale, lakini ng'ombe aliwamaliza kwa nagana: wanakonda, manyoya yanasimama, maziwa yanakauka. Ng'ombe wa kisasa hakufugika. Kwanza walipaka ng'ombe dawa mgongoni na kutundika vitambaa vyenye sumu. Mbung'o wakapungua, hawakwisha. Sumu humwua yule anayeonekana. Anayebaki kichakani anaanza upya.

Kisha ikaja njia ya kuwahasi. Ami, aliyehasi mafahali maisha yake yote, alilipenda neno hili na hakutaka lingine. Mbung'o walizalishwa Tanga kwa mamia ya maelfu, wakilishwa damu. Madume yakapigwa mionzi ya gamma, yakatiwa kwenye makasha ya karatasi, yakapakiwa ndege ndogo na kudondoshwa juu ya kisiwa kizima, wiki hadi wiki, kuanzia 1994. Jumla zaidi ya milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu na kuweka mbegu hiyo maisha yake. Akikutana na dume lililohasiwa, habari yake imekwisha. Tena hazai mayai mia kama nzi wa chooni. Hulea funza mmoja tumboni, akamzaa, ndipo aanze mwingine. Mdudu anayezaa kama mwanadamu, ami alisema, unaweza kumshinda kwa subira.

Kazi ya ami ilikuwa vibao vya buluu na vyeupe vilivyopakwa gundi. Kila wiki anabandua nzi mmoja mmoja. Wa maabara walipakwa unga wa rangi unaong'aa chini ya taa maalumu, wa porini hawang'ai. Mwanzoni wa porini walikuwa wengi. Wakaja kuwa wachache. Septemba 1996 akanaswa mmoja. Hakunaswa na ami, na nadhani hilo bado linamuuma. Wakaendelea kudondosha na kutega hadi mwisho wa 1997, na hakuonekana mwingine.

"Unajua kuhesabu kitu ambacho hakipo?" akaniuliza. "Mwaka mzima nabandua gundi kutafuta mdudu nisiyetaka kumpata."

Usiku nimekaa na hili. Hermann Muller aligundua 1927 kwamba eksirei hubadilisha urithi wa nzi wa matunda. Akapewa Nobel 1946, mwaka mmoja baada ya Hiroshima, dunia ikiwa imejua kwa macho mionzi hufanya nini. Edward Knipling, mtaalamu wa wadudu wa Kimarekani, akawaza kuutumia ubaya huo kwa wadudu, na kisiwa cha Curaçao kikasafishwa nzi mla nyama 1954. Desemba 1953 rais Eisenhower, jenerali wa vita, alihutubia Umoja wa Mataifa kuhusu atomu kwa amani. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki likaundwa 1957. Shirika hilohilo, pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ndilo lililokuwa nyuma ya makasha ya ami. Nimefundisha nusu-uhai wa kobalti inayotoa mionzi ya gamma miaka kumi na moja, mfano wangu siku zote ukiwa bomu au hospitali ya Ulaya, na ami yuko nyumba ya tatu.

Siku ya nne: kwenda Mkoani

Boti. Mkondo wa Pemba ulikuwa umechafuka. Nilitapika. Ami alilala.

Chake jioni, mbu wengi. Ami akauliza kama nyumba ya wageni ina chandarua, akaongeza, "Kidingapopo hicho." Nikacheka kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma habari zake. Mwaka 1870 homa ya maumivu ya viungo ilienea Unguja, na daktari Mskochi aliyekaa hapa, James Christie, aliandika kuwa wazee waliikumbuka ilipokuja 1823 na jina lake lilikuwa kidinga pepo. Akapendekeza kwamba neno dengue, lililokwisha kufika visiwa vya Karibi, limetoka huku. Wengine wanaona homa aliyoieleza inafanana zaidi na chikungunya, ambayo iligunduliwa 1952 upande wa Newala na jina lake ni la Kimakonde, la mtu aliyejikunja kwa maumivu. Kwa vyovyote vile majina mawili ya homa duniani kote huenda yamepita midomoni mwetu. Christie huyo pia aliufuatilia ugonjwa wa kipindupindu ulioingia hapa 1869, kituo kwa kituo, ukitembea na misafara hadi Pangani na kuvuka. Aliuliza wafanyabiashara walilala wapi na nani aliugua. Kazi ya miguu na maswali.

Siku ya tano: Pujini na Wawi

Asubuhi Pujini, ngome ya Mkama Ndume, ya karne ya 15. Hii si ya mizinga. Kuta, handaki la kuzunguka, na chumba chini ya ardhi chenye siwa, baragumu la watawala, iliyochongwa kwenye lipu ya ukuta. Miji mingi ya pwani ya wakati ule haikuwa na ngome ya namna hii. Jina lake, Mkama Ndume, ni mwenye kukamua wanaume. Wanasema aliwafanya watu wabebe mawe huku wakijiburuta kwa makalio. Na kisima kina ukuta katikati, kwa kuwa alikuwa na wake wawili na hawakutakiwa kukutana wakiteka maji. Ami alisimama pale muda mrefu kuliko popote katika safari hii, akasema huo ndio uhandisi.

Mchana Wawi, kwenye maabara ya afya ya jamii inayoitwa Ivo de Carneri, Mwitaliano mtaalamu wa vimelea, ilifunguliwa 2000. Nilikuwa nataka kujua kama watapokea watoto. Mhudumu akatuambia tuandike barua, na akiwa anatafuta karatasi akatueleza kichocho vizuri kuliko kitabu changu.

Pemba na Unguja zina kichocho cha mkojo. Yai linatoka na mkojo, linaanguliwa majini, kijidudu kinaingia ndani ya konokono mdogo wa maji baridi, kinatoka na kuitoboa ngozi ya mtoto anayeoga mtoni. Dawa ni praziquantel, hutolewa skuli na mitaani, lakini mtoto aliyetibiwa akirudi mtoni leo jioni anaanza moja. Ndiyo maana hapa wamehangaika pia na konokono, mabwawa na tabia.

Ami akasema katika utoto wake kukojoa damu kulichukuliwa ni kubaleghe. Walishindana.

Na vita viko wapi? Nilikuwa na jibu, nililiweka kwa ajili ya mwenzangu. Theodor Bilharz alikiona kidudu hiki Cairo 1851, lakini kwa zaidi ya miaka sitini hakuna aliyejua kinaingiaje mwilini. Wako waliodai ni kwa kunywa. Mwaka 1915 Waingereza walikuwa na jeshi kubwa Misri, wakakumbuka wale askari waliorudi na kichocho kutoka vita vya Makaburu. Wizara ya Vita ikamtuma Robert Leiper, mtaalamu wa vimelea. Alikwenda kijiji karibu na Cairo, akaokota konokono kwenye mifereji, akavifuata vijidudu hatua kwa hatua, akathibitisha ni ngozi na ni konokono, na kwamba kichocho cha mkojo na cha tumbo ni vidudu viwili mbalimbali. Wakulima wa Misri walikuwa wameugua tangu enzi za Firauni.

Mhudumu alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo sisi tunashukuru vita?"

"Hapana," ami akamjibu kabla yangu. "Tunashukuru konokono hawajui kukimbia."

Siku ya sita: Mkoani

Tumenunua halua ya Wete, sahani mbili, na karafuu kidogo za mama. Bajeti imekaa sawa isipokuwa mashua ya Chapwani, itakayohitaji ami aje na watoto. Amekubali, kwa sharti kwamba Jozani ni yake na mimi ninyamaze.

Boti ilikuwa iondoke saa moja asubuhi. Saa mbili haijaonekana. Watu wameketi juu ya mizigo yao, mama mmoja amemtandikia mwanawe kanga chini ya benchi, hakuna tangazo, na aliyeko dirishani anasema inakuja. Ami aliitazama saa yake mara moja, akairudisha ndani ya mkono wa kanzu. Boti ilitia nanga saa tatu na robo. Saa mbili na robo za kungoja: kichwani nikagawa kwa thelathini na nane, nikapata vita vitatu na nusu. Nikamgeukia ami kumwambia, nikakumbuka uso wake wa Forodhani, nikabeba halua.